Kauli Nzuri Huanzia kwa Mwenye Duka

Mteja aliyeudhika katika Mtaa wa Mukendo, mjini Musoma, mara nyingi hapigi kelele. Ameuliza bei ya betri ya pikipiki, kijana wa duka akamjibu macho yakiwa kwenye simu. Ameuliza tena, akaambiwa, "Si nimeshakwambia?" Anarudisha noti mfukoni, anavuka barabara na kuingia duka la pili, ambako betri ni ile ile na bei haipishani sana. Mwenye duka la kwanza yuko Mwanza, kafuata mzigo. Jioni atapigiwa hesabu kwa simu, atasikia kwamba mauzo ni madogo, na atalaumu ugumu wa maisha.

Ukimya wa namna hiyo si wa Musoma peke yake. Nchini Marekani, miaka ya 1970, kampuni ya utafiti ya TARP ilichunguza malalamiko ya wateja kwa niaba ya serikali ya nchi hiyo, ikabaini kwamba wengi wa wanaoudhika hawamwendei muuzaji kumweleza. Wanahama tu, kisha wanawasimulia ndugu na majirani. Musoma, Bunda na Butiama ni mahali ambapo watu hukutana kanisani, msikitini, msibani na kwenye vikoba. Habari za duka lenye majibu ya mkato hazikawii kuenea.

Zikimfikia mwenye duka, kwa kawaida anamgombeza kijana wake, au anamfukuza na kuleta mwingine kutoka kijijini. Baada ya miezi michache mambo yanarudi palepale. Maelezo yanayotolewa yamezoeleka: vijana wa siku hizi hawana kauli nzuri, au, kwa wageni wa mkoa, watu wa Mara ndivyo walivyo, ukali uko damuni. Maelezo yote mawili hayana msingi. Mtu anayemsemesha mteja kwa sauti nzito, kama anavyomsemesha ndugu yake, hajamdharau. Na mkoa huu huu una mama lishe na mafundi cherehani ambao wateja hupita vibanda vingine vyote kuwafuata. Kinacholitofautisha duka moja na jingine ni zaidi jinsi mwenyewe alivyoipanga kazi: alichomfundisha mfanyakazi, alichomruhusu kuamua, saa anazomfanyisha kazi, na namna anavyomlipa. Historia ya biashara ya Kanda ya Ziwa imelionyesha jambo hilo zaidi ya mara moja.

Mizani kwanza, tabasamu baadaye

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walikuwa na malalamiko makubwa dhidi ya wanunuzi wa mazao yao: mizani. Mkulima alifika na mzigo wake, akapimiwa na mtu asiyemwamini kwa kifaa asichoweza kukihakiki, akaondoka na fedha pungufu. Katika meza ile hali yake ilikuwa sawa kabisa na ya mteja anayepimiwa sukari leo. Wakulima walianza kujiwekea wapimaji wao wenyewe, na kutokana na juhudi hizo vikazaliwa vyama vya ushirika. Paul Bomani, aliyezaliwa Musoma mwaka 1925, ndiye aliyeviongoza kuviunganisha, na mwaka 1955 ukaundwa Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria, uliokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika.

Wakulima wale hawakudai kuchekewa. Walidai kilo iwe kilo. Miaka zaidi ya 30 baadaye watafiti watatu wa Marekani, Parasuraman, Zeithaml na Berry, waliwahoji wateja wa huduma za aina mbalimbali kuhusu wanachokitarajia. Mwaka 1988 waliyapanga majibu katika mafungu 5: kutimiza ulichoahidi, wepesi wa kusaidia, ujuzi unaomtia mteja imani, kumjali mteja kama mtu, na mwonekano wa mahali na wahudumu. Fungu lililokuwa na uzito mkubwa kwa wateja, katika utafiti baada ya utafiti, lilikuwa lile la kwanza.

Kwa hiyo mwenye duka la rejareja kule Nyasho anayetaka kuboresha huduma anaweza kuanzia kwenye mizani. Wakala wa Vipimo huihakiki mizani ya biashara kila mwaka na kuibandika stika. Mizani hiyo ikae mahali ambapo mteja anauona mshale bila kuinama. Bei ziandikwe kwenye bidhaa, ili mtoto aliyetumwa na mzee wa makamo walipe bei moja. Mfanyakazi ambaye bei zake zimeandikwa na mizani yake inaonekana hana sababu ya kubishana na mtu, na ubishi ukiondoka kaunta, maneno makali mengi huondoka nao.

Enzi za foleni

Kizazi kilichokuwa na umri wa kutumwa dukani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kinakumbuka muuzaji wa aina nyingine. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara ya jumla iliwekwa mikononi mwa mashirika ya umma, na mikoani zikaundwa Kampuni za Biashara za Mikoa, ambazo watu walizoea kuziita RTC. Mwaka 1973 ilianzishwa Tume ya Bei ya kupanga bei za bidhaa nchi nzima. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji. Operesheni hiyo ilisitishwa mwaka huo huo kwa sababu bidhaa zilikuwa zinakosekana, lakini uhaba haukuisha. Bei ya mafuta duniani ilipanda, vita dhidi ya Idi Amin vya 1978 na 1979 vilikula fedha za kigeni, na viwanda vikakosa malighafi.

Mkoa wa Mara ulikuwa na jambo lake la ziada. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977 na kufunguliwa mwaka 1983, kwa hiyo njia ya Sirari, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa njia ya biashara, ikawa ya magendo. Sabuni, sukari, mafuta ya taa na khanga vikawa bidhaa adimu, na kuvipata kukawa ni kupanga foleni au kujuana na mtu.

Katika hali hiyo muuzaji hakumhitaji mteja. Mteja ndiye aliyemhitaji muuzaji. Bei imepangwa na serikali, mzigo utaisha leo hata akiwanunia wote, na mshahara wake haubadiliki. Akimtabasamia wa kwanza, wa mia moja bado ataondoka mikono mitupu akiwa na hasira. Watu waliokuwa wapole nyumbani kwao waligeuka miungu watu nyuma ya kaunta. Lawama zilielekezwa kwenye tabia zao, na ulanguzi ulikuwepo kweli, kiasi kwamba mwaka 1983 serikali iliendesha msako mkali dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Lakini kilichobadilisha lugha ya madukani kilikuja mwaka uliofuata, serikali ilipowaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa kutoka nje. Ali Hassan Mwinyi, aliyeshika urais Novemba 1985, aliendeleza ulegezaji huo hadi wananchi wakambatiza jina la Mzee Ruksa. Sabuni ilipojaa kwenye rafu za maduka matano ya mtaa mmoja, muuzaji alianza tena kusema karibu.

Wauzaji walikuwa wale wale. Kilichogeuka ni mazingira ya kazi yao. Hata hivyo ushindani peke yake hautoshi, kwa sababu leo maduka yamejaa na bado mteja wa betri anajibiwa vibaya. Ushindani humuumiza mwenye duka, lakini anayeongea na mteja ni mfanyakazi, na mara nyingi hakuna kinachoziunganisha faida ya mmoja na kazi ya mwingine.

Somo kutoka maduka ya dawa

Mfano bora wa Tanzania wa kuinua huduma katika biashara ndogo ulianzia mbali na Mara, mkoani Ruvuma. Kabla ya mwaka 2003, dawa nyingi vijijini ziliuzwa katika yale yaliyoitwa maduka ya dawa baridi. Kisheria yaliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari tu, lakini mengi yaliuza chochote, na waliokaa kaunta wengi hawakuwa na mafunzo ya kutosha. Mgonjwa alitaja ugonjwa wake, akapewa vidonge katika karatasi, akaenda.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya wakati huo, ikishirikiana na shirika la Management Sciences for Health la Marekani, ilianzisha Ruvuma mpango wa Duka la Dawa Muhimu. Kilichofanyika kilikuwa na sehemu nne zilizoshikamana. Watoa dawa, wengi wao wanawake, walipewa mafunzo ya wiki kadhaa kuhusu dawa, utunzaji wa kumbukumbu na jinsi ya kuzungumza na mgonjwa: kumuuliza, kumsikiliza, kumweleza namna ya kutumia dawa, na kumwelekeza hospitali inapobidi. Wamiliki nao walifundishwa peke yao, kuhusu sheria na uendeshaji wa biashara. Duka lililotimiza masharti liliruhusiwa kuuza orodha ndefu zaidi ya dawa, kwa hiyo ubora ukawa na faida ya fedha. Na wakaguzi wa maeneo yale yale walipita kuangalia.

Matokeo yalipimwa kwa kulinganisha na mkoa wa Singida, ambako mpango ulikuwa haujafika. Katika maduka ya Ruvuma, dawa ambazo hazikusajiliwa zilikuwa asilimia 26 mwaka 2001. Mwaka 2004 zilikuwa asilimia 2. Watafiti walitumia pia wateja wa kujifanya, waliokwenda kaunta na kueleza dalili za mafua na kikohozi, ili kuona kama wangeuziwa antibayotiki pasipo sababu. Kosa hilo nalo lilipungua sana. Mpango ulipanuliwa mkoa kwa mkoa hadi ukaenea Tanzania Bara, Mara ikiwemo, na leo maduka hayo yanasimamiwa na Baraza la Famasi. Mkazi wa Kiabakari au Kibara anayeelezwa kwa utulivu kwamba kidonge kimoja ni asubuhi na kimoja jioni, baada ya chakula, anavuna matunda ya uamuzi huo.

Jambo la kushika hapa ni kwamba hakuna aliyewaambia watoa dawa wale wawe watu wema. Walifundishwa kazi, wenye maduka wakafundishwa nao, kukawa na faida, na kukawa na anayefuatilia. Duka la vipuri la Bunda, saluni ya Nyakato na mgahawa wa Butiama vinaweza kufanya hivyo kwa kiwango chao.

Anachohitaji mtu wa kaunta

La kwanza ni ujuzi wa bidhaa. Majibu mengi ya mkato huficha kutojua. Kijana aliyeletwa juzi kutoka kijijini na kuwekwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi hajui tofauti ya rangi ya mafuta na ya maji, wala idadi ya mabati kwa nyumba ya vyumba vitatu. Akiulizwa, anajilinda kwa ukali. Tiba yake ni robo saa ya Jumatatu asubuhi kabla ya wateja hawajajaa: mwenye duka anachukua bidhaa tatu, anaeleza kazi yake, bei yake na hitilafu zake, kisha anajifanya mteja na kumuuliza kijana maswali. Kwa mwaka mzima hizo ni bidhaa zaidi ya 150.

La pili ni mamlaka. "Subiri bosi aje" ni sentensi inayofukuza wateja wengi bila mtu kukusudia. Mteja amerudisha balbu isiyowaka. Kijana hawezi kuibadilisha. Mteja wa miaka mingi anaomba apunguziwe shilingi 500. Kijana hawezi, na simu ya bosi haipokelewi. Mwenye duka anaweza kupanga mapema: punguzo lisizidi kiasi fulani, kitu kibovu chenye risiti kibadilishwe siku hiyo hiyo, vinginevyo piga simu. Mambo hayo yaandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya kaunta.

Mabango ya "mali ikishauzwa hairudishwi" yangefaa kuondolewa wakati huo huo. Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, imekuwa ikiwakumbusha wafanyabiashara kwamba bango hilo haliwezi kumnyima mlaji haki yake kwa bidhaa mbovu. Kijana anayelazimika kulitetea anatetea kitu ambacho sheria haikiungi mkono, na mteja mwelewa atamuumbua mbele za watu.

La tatu ni chenji. Linaonekana dogo, lakini mtu yeyote aliyewahi kupewa pipi mbili badala ya sarafu ya shilingi 100 anajua linavyochefua. Mfanyakazi anayefungua duka bila sarafu ataanza siku kwa kuwaudhi wateja watano wa kwanza, au atawatuma wakatafute chenji wenyewe. Kuacha kila jioni akiba ya sarafu na noti ndogo kwa ajili ya kesho ni kazi ya mwenye duka. Kijana wa mshahara hawezi kuitoa mfukoni mwake.

La nne ni lugha. Musoma na vitongoji vyake ni mchanganyiko wa Wajita, Wakwaya, Wakurya, Wajaluo, Wazanaki na Waikizu, pamoja na waliohamia kutoka kila upande. Kiswahili kinawatosha wengi, lakini bibi aliyekuja mjini na dagaa wake kutoka mwaloni hufarijika akisalimiwa kwa lugha yake. Mfanyakazi anayejua lugha mbili za mkoa ana mtaji ambao mwenye duka anapaswa kuutambua na kuulipia. Na shikamoo kwa mkubwa haigharimu kitu, mradi ianze kwa bosi mwenyewe akiwa dukani, kwa sababu vijana huiga wanachokiona.

Saa 98 kwa wiki

Hapa ndipo mada inapowagusa wenye maduka pabaya, na ndipo inapofaa kusemwa wazi. Duka linalofunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 3 usiku limefunguliwa saa 14. Kwa siku 7 hizo ni saa 98. Madukani wako dada na kaka wanaozifanya zote, na wengine wakirudi nyumbani kwa bosi wanaendelea na vyombo na kufua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Kazi ya ziada ni kwa makubaliano, na hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya saa nzima.

Mtu aliye katika saa ya 13 hawezi kutabasamu kwa kuamrishwa. Mwanasosholojia Arlie Hochschild wa Marekani aliandika mwaka 1983 kuhusu wahudumu wa ndege akaonyesha kwamba kucheka na kubembeleza kwa mshahara ni kazi halisi inayochosha, sawa na kubeba mizigo. Mama wa mgahawa anayejua uchovu wa miguu baada ya kusimama kutwa anaweza kuelewa pia uchovu wa kuwa mpole kutwa.

Watu wawili wakipokezana saa 8 mchana, kila mmoja anafanya saa 7 kwa siku, na kwa siku 6 ni saa 42. Mwenye duka asiyemudu mshahara wa pili anaweza kushika zamu moja mwenyewe, au kufunga mapema siku ambazo daftari linaonyesha kwamba baada ya saa 1 jioni hakiuziki kitu zaidi ya mkate na vocha. Wengi hawajawahi kuangalia.

Kisha kuna makato. Katika maduka mengi upungufu wa hesabu hukatwa moja kwa moja kwenye mshahara, bila kuulizana. Sheria ile ile, katika kifungu cha 28, inasema hasara ikatwe pale tu ilipotokana na kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Mbali na haki, jambo hili lina uhusiano wa moja kwa moja na kauli. Kijana anayejua kwamba kikombe kitakachovunjwa na mteja kitatoka kwenye mshahara wake anamwona kila anayeshika kikombe kama hasara inayokuja. Ndiyo maana anafoka, "Usishike kama hununui!"

Tanzania imewahi kuligusa jambo hili katika siasa zake. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi dharau na ubwana kwa watu walio chini yao, na wafanyakazi wa viwandani walilitumia tamko hilo kuwakabili mameneja waliowatukana. Walijua kwamba heshima kazini inashuka kutoka juu. Katika duka la watu watatu safari hiyo ni fupi mno: tusi la bosi la saa 2 asubuhi linaweza kumfikia mteja kabla ya saa 3.

Mjini Bunda na Butiama

Kanuni ni moja, lakini kila mji una wateja wake. Bunda iko kwenye barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari, na biashara zake nyingi zinaishi kwa wasafiri. Basi likisimama, abiria ana dakika chache. Anayemhudumia anatakiwa awe na chakula kilichofungwa tayari, bei isiyohitaji mazungumzo, na chenji mkononi. Ahadi ya "dakika mbili tu" kwa chipsi ambazo hazijaingia kwenye mafuta ni uongo unaomwacha abiria ama na njaa ama bila basi.

Upande wa pili, Bunda ni nchi ya pamba. Msimu wa ununuzi unapofunguliwa, kuanzia Mei, wakulima wana fedha. Miezi ya kabla yake wengi hununua kwa daftari la deni. Mfanyakazi akiachwa peke yake aamue nani akopeshwe na nani anyimwe, atagombana na nusu ya kijiji. Mwenye duka akiweka kikomo cha deni kwa kila mteja, na deni likasainiwa na pande zote mbili, kijana ataweza kukataa kwa upole kwa sababu si yeye anayekataa.

Butiama ina wageni wa namna nyingine. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yalifunguliwa hapo mwaka 1999, mwaka ule ule alioaga dunia na kuzikwa Mwitongo, na kila mwaka wanafunzi, viongozi na watalii hufika. Mgeni aliyetoka mbali anataka kujua kuna chakula gani, ni bei gani, kitachukua muda gani, na choo kiko wapi na kikoje. Maswali hayo manne yanajibiwa kwa karatasi moja ukutani na mhudumu mmoja aliyefundishwa kusema ukweli kuhusu muda. Sato wa kukaanga akichukua dakika 40, mgeni aliyeambiwa 40 atazunguka kidogo na kurudi. Aliyeambiwa 10 ataanza kukasirika dakika ya 11.

Kujua kama kuna mabadiliko

Mwenye biashara ndogo hana fedha za kuajiri watafiti, lakini ana daftari. Mambo matatu yanatosha kuandikwa kila siku: vitu vilivyoulizwa na kukosekana, malalamiko yaliyotolewa, na wateja waliotoka bila kununua katika saa moja iliyochaguliwa. Baada ya miezi mitatu ataona mwelekeo. Anaweza pia kumwomba jirani asiyefahamika dukani aende kununua kitu na kumweleza alivyopokewa, kama walivyofanya watafiti wa maduka ya dawa, ilimradi taarifa hiyo itumike kufundishia na mfanyakazi ajue tangu mwanzo kwamba utaratibu huo upo. Lawama zitolewe faragha na sifa zitolewe mbele ya wenzake, na sehemu ndogo ya ongezeko la mauzo imrudie aliyelileta.

Msaada wa nje upo. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mkoani, na maofisa biashara wako katika kila halmashauri. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na vikundi hufundishwa kabla ya kukopeshwa. Mafunzo hayo kwa kawaida yanahusu hesabu na marejesho. Yakiongezewa siku moja ya huduma kwa wateja, wakialikwa mwenye biashara pamoja na mtu wake wa kaunta, yatafuata njia iliyofanikiwa Ruvuma.

Muda mzuri wa kuanza ni Septemba. Wiki ya kwanza ya Oktoba ni Wiki ya Huduma kwa Wateja, ambayo mabenki na mashirika makubwa huiadhimisha kwa fulana na keki, na Oktoba 14 ni kumbukumbu ya Mwalimu, siku inayoleta wageni Butiama. Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zikiwakusanya wenye maduka, migahawa na nyumba za wageni mwezi mmoja kabla, kila mmoja akaondoka na karatasi ya bei, kikomo cha punguzo, ratiba ya zamu na akiba ya sarafu, wageni wa mwaka huo watakuwa wateja wa kwanza kuona tofauti.